Santuri ya Vijana wa Magamba

Jumatatu, 4 Machi 2024
Milimita 18. Masika yameingia hapa Lushoto. Nimewaagiza wanafunzi wangu wa kidato cha pili wapime mvua kila siku hadi Juni, na mwalimu wa jiografia hawezi kuwaagiza watoto kazi asiyoifanya mwenyewe. Kwa hiyo nimetega kopo langu nyuma ya zizi, na daftari hili ni la mvua tu.

Jumanne, 5 Machi
Milimita 7. Ukungu hadi saa tano.

Jumatano, 6 Machi
Milimita 22. Naona sitaweza kuandika mvua tu. Leo baba mkwe wangu, Mzee Kornelio, amewafokea vijana wa kwaya. Amewaambia kinanda chao kinapiga kelele, wapunguze sauti au wakizime. Wamerudi nyumbani wakiwa wamenuna, na kesho watanisema mimi, kwa kuwa naishi naye. Mume wangu Emanueli anafanya kazi Dodoma. Hapa nyumbani tupo mimi, binti yetu Esteria wa darasa la kwanza, na huyu mzee wa miaka sabini na saba, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe wawili na maneno machache. Miaka tisa nimeishi naye na sijawahi kumsikia akiimba hata wimbo wa tenzi. Kanisani hufungua kitabu, akasimama, akafunga mdomo.

Ijumaa, 8 Machi
Milimita 40. Leo nina la kuandika.

Mvua ilitufungia ofisini baada ya vipindi. Mwalimu Nathanaeli, anayefundisha Kiingereza na ambaye hana ugonjwa mwingine ila muziki wa zamani, akasema, "Sikilizeni nilichokiokota mtandaoni." Akaiweka simu ndani ya sufuria tupu ya chai ili sauti ikue.

Sijui nieleze vipi. Gitaa lilikuwa linakoroma kama lori lililokwama matopeni, kisha likapanda juu likalia peke yake kama mwewe. Chini yake kulikuwa na sauti zilizogeuzwa, kama mtu anayeyameza maneno badala ya kuyatamka. Halafu akaja mwimbaji, mbali, kama yuko ndani ya kisima, anaimba Kiswahili polepole: ukungu hauna mlango, nitaingilia wapi. Nywele zilinisimama. Nilidhani ni watu wa Ulaya waliojifunza Kiswahili.

Katikati ya wimbo wa pili gitaa likakatika ghafla, na kitoto cha kike kikapiga ukelele kwa Kishambaa: "Ng'ombe! Ng'ombe anaingia!" Wanaume wakacheka, mmoja akamfukuza ng'ombe, na muziki ukaendelea pale pale ulipokuwa.

Ofisi nzima tukapiga yowe. Mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Singida, akauliza kuna nini. Hatukuweza hata kumtafsiria. Kishambaa! Ng'ombe wa kwetu, mtoto wa kwetu, ndani ya muziki wa namna ile! Nathanaeli alikuwa anatokwa na machozi.

Maelezo yalikuwa haya: Ukungu Hauna Mlango, 1969. Mama mmoja aitwaye Marta, mkusanyaji wa santuri huko Ulaya, aliikuta kwenye mnada wa vitu vya zamani, haina jalada, katikati yake pameandikwa jina na mwaka tu. Ameandika: "Hawa ni nani? Anayewajua aniambie." Watu elfu arobaini wameshaisikiliza. Hakuna anayewajua.

Jumamosi, 9 Machi
Milimita 33. Nimepukuchua maharage jikoni huku naimba ule wimbo chinichini. Baba mkwe alikuwa mlangoni anavua mabuti. Akasema, bila kuinua kichwa:

"Hapo unakosea. Inashuka, haipandi."

Nikageuka kumtazama. Akayavaa tena yale mabuti, akatoka kwenda zizini, na mvua ile.

Jumatatu, 11 Machi
Milimita 51. Nimemuuliza alikousikia wimbo ule. "Redioni." Redio gani, Baba? "Redio za zamani." Hakumaliza makande yake.

Alhamisi, 14 Machi
Milimita 12.

Ijumaa, 15 Machi
Milimita 64. Kabichi za jirani zimeanza kuoza shambani.

Jumapili, 17 Machi
Milimita 27. Tulipotoka kanisani alinivuta kando ya njia, chini ya mwavuli wake, akamwacha Esteria atangulie na wenzake.

"Mama Esteria, ule wimbo umeusikia wapi?"

Nikamweleza yote, hadi habari ya ng'ombe. Aliposikia ng'ombe alifumba macho, akacheka mara moja tu, kicheko kifupi kama kikohozi. Kisha akanisimulia pale pale njiani, tumesimama, watu wanatupita na shikamoo zao naye anaitika marahaba bila kuwaona.

Walikuwa wanne, wakijiita Vijana wa Magamba. Wawili, wapigaji wenzake, walishatangulia mbele ya haki. Yeye alipiga gitaa. Mwimbaji alikuwa rafiki yake Salimu, mtoto wa familia ya Kiislamu ya Soni, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mwalimu mmoja mgeni wa hisabati alipomaliza mkataba aliwaachia gitaa la umeme, mashine ya kurekodi na santuri chache za nyimbo za ajabu, na wao wakasema: hata sisi tunaweza.

"Ile sauti ya kukoroma, Baba, mliipataje?"

"Niliichoma spika na sindano ya mama ya kushonea magunia. Matundu ishirini na moja. Nilichapwa."

"Na mwimbaji mbona kama yuko kisimani?"

"Alikuwa ndani ya tangi la maji la kiwanda. Tulilimwaga, tukamteremsha na kamba. Alikaa humo siku nzima akiimba. Alipotoka alikuwa bluu kwa baridi." Akaniangalia. Miaka tisa, na sikujua macho yake yana rangi ya asali. "Hakuna aliyetufundisha, Esta. Tulibuni wenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikamuuliza Salimu yuko wapi. Akasema mvua inazidi, twende.

Jumatano, 20 Machi
Milimita 70. Nathanaeli aliposikia alikaa chini kwenye ngazi za ofisi, kwenye maji. Jioni akamwandikia Marta.

Ijumaa, 22 Machi
Milimita 38. Marta amejibu. Anaitengeneza santuri upya, iuzwe dunia nzima kwa jina la wenyewe. Lakini mtu mmoja wa mji mwingine ameshamwandikia kwamba kundi ni lake, na gitaa alilipiga yeye. Hana ushahidi, nasi hatuna. Marta anasema jalada linakwenda kuchapwa tarehe 31 Mei. Ukikosekana ushahidi litaandikwa "wapigaji hawajulikani", hatakuwa upande wa mtu yeyote.

Nimepandwa na hasira ambayo sikuitegemea. Hawajulikani! Anayejulikana sasa hivi anakamua ng'ombe nyuma ya nyumba yangu.

Jumamosi, 23 Machi
Milimita 45. Nilimletea Baba simu ili asikilize. Akairudisha mikono yake nyuma kama mtoto anayekataa dawa.

"Sijawahi kuisikia," akasema. "Sitaisikia kabla ya watu wa kwao Salimu."

Hapo ndipo akanipa sehemu iliyobaki. Santuri zilichapwa Nairobi, zikaletwa kwa treni hadi Mombo, Aprili ya mwaka ule, masika kama haya. Walikubaliana washuke wawili kuzichukua. Asubuhi ile Baba akatuma neno kwamba ana homa. Salimu alishuka peke yake. Stesheni aliwauzia abiria chache, kwa furaha tu. Bila shaka moja ya hizo ndiyo iliyofika mikononi mwa Marta. Kisha akapanda na maboksi juu ya lori la mboga. Barabara ilikatika chini ya Soni, lori likaingia korongoni. Salimu akafa, na santuri zikachukuliwa na mto.

Mazikoni mama yake Salimu alimwambia Baba mbele za watu: "Ungekuwa mwanamume ungeshuka naye." Hakukanyaga tena pale. Gitaa alimpa mtu aliyekuwa akienda Tanga. Miaka hamsini na mitano. Wakikutana gulioni, ukoo ule hupita kulia naye hupita kushoto.

"Mama yake alishafariki," akasema. "Amebaki dada yake, Mwajuma. Yule mtoto wa ng'ombe ni yeye."

Jumapili, 31 Machi. Pasaka
Milimita 58. Umeme umekatika tangu juzi. Kwaya imeimba bila kinanda. Baba hakuonekana kufurahi.

Jumanne, 2 Aprili
Milimita 81. Barabara ya Soni imekatika, udongo umemwagika upana wa uwanja wa mpira. Magari yamesimama pande zote mbili, watu wanavuka kwa miguu na mizigo kichwani.

Ijumaa, 5 Aprili
Milimita 19. Shule imefungwa kwa mapumziko, nikaenda mwenyewe. Pikipiki hadi kwenye maporomoko, matope hadi magotini, pikipiki nyingine hadi Soni. Nilimkuta Bi Mwajuma anafunga karoti mafungu, mama mnene wa miaka sitini na saba, sauti kubwa. Nikamwamkia, akanikaribisha vizuri, akanipa chai. Nilipotaja jina la Baba aliweka karoti chini.

"Amekutuma?"

"Hapana, Mama. Hajui kama nimekuja."

"Basi mwambie aje mwenyewe. Miguu anayo. Nimemwona gulioni miaka yote hii, miguu anayo."

Nikamwomba asikilize simu, walau kidogo. Akatikisa kichwa. "Huo ni msiba, mwanangu. Msiba hauletwi na mkwe."

Nilirudi nimekasirikia wote wawili. Baadaye, nikiosha matope ya miguu, nikaona kwamba wamenijibu jambo moja: kila mmoja anamngoja mwenzake.

Jumamosi, 6 Aprili
Milimita 30. Nimemwambia Baba. Amesema "sawa". Sijui sawa gani.

Jumatano, 10 Aprili. Idi
Milimita 4. Jua limechungulia kama mgeni asiye na uhakika na nyumba.

Alhamisi, 11 Aprili
Milimita 0! Barabara bado.

Jumamosi, 13 Aprili
Milimita 47. Nitaandika polepole, sitaki kuruka kitu.

Asubuhi Baba alivaa suti ya kanisani na mabuti. "Twende," akasema. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwambia tungoje itulie. "Nilishangoja," akasema.

Kwenye maporomoko vijana waliokuwa wakivusha watu walitaka kumbeba mgongoni. Akakataa. Alivuka na fimbo yake, hatua baada ya hatua, nami nyuma nimeshika koti lake. Alianguka mara moja, akainuka, suruali nyeusi imegeuka nyekundu kwa matope. Hakufuta.

Bi Mwajuma alikuwa barazani. Alituona tangu tunashuka kwenye pikipiki. Baba alisimama uani, kwenye mvua.

"Hodi."

"Nani?" Na anamtazama usoni.

"Kornelio."

Mwajuma ndiye mdogo, yeye ndiye wa kumwamkia. Hakumwamkia. Hakusema karibu. Baba akaivua kofia yake.

"Mwajuma, siku ile sikuwa na homa. Baba yangu alinikataza, alisema mwana wa mwinjilisti hapigi muziki wa kichaa. Nilimwogopa, nikadanganya. Nimekuja kusema hivyo tu. Salimu alikwenda peke yake kwa sababu niliogopa."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye kipara chake. Nilitaka kumwombea akaribishwe, lakini nilijua si mahali pangu.

"Tunajua hukuwa na homa," Bi Mwajuma akasema. "Mama alikuona siku ile ile unachunga ng'ombe. Tulijua kabla hujaja mazikoni."

Baba akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mama alisema lile neno kwa uchungu, kafiwa. Ulitaka aseme nini? Alikungoja uje umjibu. Arobaini ikapita, akasema atakuja. Mwaka ukapita, akasema atakuja. Kila masika anaangalia njia. Kaka yangu alikufa mara moja, Kornelio. Wewe ulitufia kila siku, na uko hai, tunakuona gulioni unanunua nyanya!"

Alikuwa analia na kupiga kelele pamoja. Majirani walitoka nje. Baba akasema, taratibu, "Sikujua kama nilikuwa nangojwa."

"Ungejuaje na wewe unapita kushoto?"

Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga. "Ingia, usije ukafia uani kwangu watu wakasema."

Ndani alimpa taulo, akaingia chumbani. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kanga mbili. Kilikuwa santuri, ndani ya jalada lililokunjamana kwa maji, lenye michirizi ya matope ya zamani. Aliiokota mwenyewe mtoni, siku ya pili ya msiba, akiwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikataza muziki ndani ya nyumba, na gramafoni hawakuwa nayo, kwa hiyo haikuwahi kupigwa. Nyuma ya jalada, kwa herufi ndogo, majina: Salimu, sauti. Kornelio, gitaa. Wenzao wawili chini yake. Na picha ya vijana wanne wembamba juu ya magogo, na Baba ana nywele!

Nikasema, "Mama, Baba naye hajaisikia. Alisema hataisikia kabla yenu."

Akamgeukia. "Kweli?"

"Kweli."

Nikaiweka simu ndani ya bakuli la udongo, katikati ya meza.

Gitaa likakoroma. Baba akaangalia vidole vyake. Salimu alipoanza kuimba kutoka ndani ya tangi, Bi Mwajuma alijishika kifua kwa mikono miwili, akasema, "Ndiye. Ndiye kabisa." Hakulia tena. Alikaa wima, kama mtu anayepigwa picha. Wimbo wa pili ukaja, na ukelele ule: "Ng'ombe! Ng'ombe anaingia!"

Akaruka. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe," Baba akasema. "Uliharibu kanda. Salimu alikataa tuifute. Alisema hakuna gitaa zuri kuliko hapo."

Tukaisikiliza yote, nyimbo nane, dakika thelathini na nne. Ilipokwisha Bi Mwajuma akainuka, akazunguka meza, akasimama mbele ya mzee yule mwenye matope, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Baba aliitika marahaba.

Jumapili, 14 Aprili
Milimita 36. Baba ana homa ya kweli leo. Amelala, anacheka.

Jumanne, 23 Aprili
Milimita 55. Picha za jalada zimeshindwa kwenda, mtandao ni kama hakuna. Nathanaeli amepanda kilima cha Irente mara mbili kutafuta mnara, akarudi ameloa.

Ijumaa, 26 Aprili
Milimita 20. Zimekwenda.

Jumatatu, 29 Aprili
Milimita 11. Marta amejibu kwa herufi kubwa tupu. Yule mtu mwingine aliombwa aeleze ile sauti ya kukoroma ilitoka wapi. Akasema walinunua mtambo maalumu Ulaya. Baba ameandika maelezo yake kwa mkono, kurasa tatu, hadi idadi ya matundu ya sindano na kina cha tangi. Ana masharti mawili: jina la Salimu litangulie, na jina la Mwajuma liwekwe. "Liandikwe nini, Baba?" "Sauti, wimbo wa pili."

Alhamisi, 9 Mei
Milimita 8. Yule mtu mwingine hajajibu tena barua.

Jumapili, 19 Mei
Milimita 3. Habari imefika kanisani. Baada ya ibada mzee mwenzake mmoja akasema kwa sauti, ili asikiwe, kwamba wengine walikuwa wakipiga muziki wa shetani na leo wanashika sadaka. Baba alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Akamaliza kukikunja.

"Ulikuwa muziki wangu," akasema. "Shetani hakuja hata siku moja kutusaidia kumwaga tangi."

Vijana wa kwaya walicheka hadi wakashikana. Kisha mpiga kinanda, yule aliyefokewa Machi, akamsogelea akamuuliza kwa adabu kama anaweza kuja kuonyeshwa. Baba akamwambia aje Jumanne. "Lakini mnapiga kelele," akaongeza. "Kelele ina kazi yake. Ninyi yenu haina kazi."

Nilitembea nyuma yake kurudi nyumbani. Miaka tisa nilidhani huyu mtu anachukia muziki.

Jumamosi, 1 Juni
Milimita 0. Jalada limechapwa. Nathanaeli amelionyesha kila mtu Lushoto mwenye macho.

Jumatatu, 3 Juni
Milimita 0. Kidato cha pili wamenikatiza somo la mito. "Madam, eti yule babu mwenye ng'ombe ndiye?" Nikasema ndiye, na ni baba mkwe wangu, na mtu akichelewesha zoezi lake tena nitamleta aje kulisahihisha. Nikapiga mstari ubaoni, ukapinda kwa furaha.

Jumatatu, 17 Juni. Idi ya kuchinja
Milimita 0. Bi Mwajuma ametualika Idi, sote watatu. Barabara imefunguliwa, tukashuka kwa gari kama waungwana. Baba alibeba gitaa la kuazima kutoka kwa vijana wa kwaya, akalishika kifuani njia nzima.

Baada ya pilau akajaribu. Vidole vimekakamaa, nyuzi mbili zilimkataa kabisa. Lakini ilishuka pale inaposhuka. Bi Mwajuma akaimba sehemu ya kaka yake, maneno yote, bila kukosea. Ameyajifunza kwenye simu, anasema, akifunga karoti. Binti yangu Esteria aliwatazama mmoja baada ya mwingine, mdomo wazi, nyama imeshikwa mkononi.

Tulipoaga Bi Mwajuma alitusindikiza hadi barabarani. Sokoni kulijaa watu, nguo mpya kila mahali. Mama mmoja wa rika lake akamsimamisha, wakapeana mkono wa Idi, kisha akamtazama Baba na lile gitaa, akauliza mgeni huyu ni nani.

Bi Mwajuma akamshika Baba mkono, akaupandisha juu kidogo, ili na wa mbali waone.

"Huyu ni Kornelio," akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Alipiga gitaa na kaka yangu Salimu."